Pampu Isilale: Mwongozo wa betri za akiba kwa miradi ya maji chini ya Kilimanjaro

Mkoani Kilimanjaro maji huwafikia watu kwa njia mbili. Ya kwanza ni mserereko. Muda mrefu kabla ya bomba la kwanza, Wachaga walichimba mifongo, yaani mifereji, wakayatoa maji makorongoni na kuyapitisha ubavuni mwa mlima hadi kwenye vihamba vya migomba. Miradi ya bomba iliyojengwa katika wilaya za Hai na Siha kwa msaada wa Ujerumani, kama Uroki–Bomang'ombe na Lawate–Fuka, inafuata kanuni hiyohiyo. Hata mji wa Moshi hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka chemchemi za mlimani, Nsere na Shiri zikiwamo.

Njia ya pili ni umeme. Ukishuka kuelekea tambarare za Kahe, Mabogini na Mwanga, ardhi inalala na maji yanakuwa chini ya miguu. Lazima yavutwe kutoka kisima kirefu, au yasukumwe kutoka bwawani. Mradi mkubwa wa Same–Mwanga–Korogwe, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 9 Machi 2025, huyatoa maji katika bwawa la Nyumba ya Mungu kwa pampu.

Umeme ukikatika saa mbili usiku, mwenye bomba la mserereko kule juu hana habari. Wa tambarare anafungua koki inatoa pumzi tu.

Mwongozo huu ni wa huyo wa pili: vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii (CBWSO), shule, zahanati, parokia, hoteli na mashamba yenye pampu ya umeme. Unaeleza betri ya akiba inafaa wapi, inapimwaje, inafungwaje na inatunzwaje. Na unaanza na jambo ambalo muuza betri hana sababu ya kulitaja: betri ya kwanza ya mradi wa maji ni tenki lililojaa.

Kwa nini umeme hukatika, na nini huharibika

Tanzania ya leo haina tena ule upungufu wa uzalishaji ulioleta mgao wa umeme wa 2023. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uliwashwa mapema 2024, na bwawa zima lina uwezo wa megawati 2,115. Hata hivyo, usiku wa tarehe 1 Aprili 2024 hitilafu kwenye Gridi ya Taifa iliiacha nchi gizani. Kaskazini ina tatizo la ziada, nalo ni umbali. Katika ziara ya Machi 2025 mkoani Kilimanjaro, Rais alieleza kuwa umeme mwingi hupotea njiani ukisafirishwa hadi kanda hiyo, na kwamba Serikali inakusudia kununua mwingine kutoka Ethiopia kupitia Kenya. Kwenye laini ndogo za vijijini sababu ni za kawaida zaidi: tawi lililoangukia nyaya wakati wa masika, radi, nguzo, matengenezo.

Zanzibar iliona upande mbaya zaidi. Hitilafu kwenye mfumo wa umeme unaopita chini ya bahari iliiacha Unguja bila umeme kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, kisha kwa miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Kisiwa kinachotegemea visima vya pampu kikajikuta na uhaba wa maji juu ya giza.

Pampu ikisimama, madhara ni zaidi ya ndoo tupu:

- Uchafu huingia. Bomba lililokosa msukumo linaweza kufyonza maji machafu kupitia matundu na maungio yanayovuja.
- Dawa husimama. Kifaa cha kuchanganya klorini hutumia umeme. Maji yaliyobaki tenkini na bombani yakikaa bila dawa kuongezwa, kinga hupungua.
- Bomba hupata kishindo. Pampu ikizimika ghafla, maji yaliyokuwa yanapanda kilima hurudi na kupiga. Kwenye bomba la chuma, kusimamisha ghafla maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde kunaweza kuongeza msukumo sawa na kimo cha mita 100 hivi. Vali hupasuka, maungio hufunguka.
- Mota huungua umeme unaporudi. Volti ikiwa chini sana au njia moja kati ya tatu ikikosekana, mota hupata moto hadi ikaungua. Mota nyingi za visima hazivumilii volti kushuka zaidi ya asilimia 10, yaani kutoka 400 hadi chini ya 360.

Maji ya juu ni umeme uliowekwa

Kupandisha lita 1,000 za maji kwa mita 100 kunahitaji nishati ya uniti 0.27 tu. Kwa kuwa pampu na mota hupoteza, kwa kawaida utalipia karibu maradufu. Uniti hizi ndizo zilezile za LUKU, yaani kilowati-saa, na ndizo zinazotumika kupima betri. Kwa hiyo tenki na betri vinaweza kuwekwa kwenye mizani moja.

> KISANDUKU: Hesabu ya uniti kwa kila lita 1,000
>
> *Njia ya kwanza (bora):* Soma mita ya umeme na mita ya maji asubuhi, soma tena kesho yake saa ileile. Gawanya uniti zilizotumika kwa maelfu ya lita zilizosukumwa.
>
> *Njia ya pili (kama mita ya maji ni mbovu):* Chukua jumla ya mita za kupandisha, kuanzia usawa wa maji kisimani pampu ikifanya kazi hadi juu ya tenki, pamoja na msuguano wa bomba. Gawanya kwa 367, kisha gawanya kwa ufanisi wa pampu na mota.
>
> *Mfano:* mita 120 ÷ 367 ÷ 0.5 = uniti 0.65 kwa lita 1,000.

Kwa kipimo hicho, tenki la lita 50,000 lililojaa limebeba kazi ya uniti 33 hivi ambayo tayari imeshafanyika. Haliishiwi chaji, halichoki kwa kujazwa na kumwagwa, na maji yake hushuka bila fundi. Huko Afrika Kusini, jiji la Cape Town limetumia wazo hilo kwa kiwango kikubwa tangu 1979: mtambo wa Steenbras, wenye megawati 180, hupandisha maji hadi bwawa la juu wakati mahitaji ya umeme ni madogo, kisha huyashusha kuzalisha umeme mahitaji yanapopanda.

Betri basi inunuliwe kwa kazi ambazo tenki haliwezi: kuendesha klorini na vidhibiti, kuzima pampu polepole bila kishindo, kusukuma maji moja kwa moja mahali pasipo na kilima wala mnara, na kuziba pengo pale tenki lilipo dogo na haliwezi kuongezwa. Umeme ukipotea kwa siku kadhaa, jenereta bado ina nafasi yake. Lita moja ya dizeli kwenye jenereta ndogo hutoa takriban uniti 3, kwa hiyo dumu la lita 20 ni uniti 60. Betri ni ya saa, jenereta ni ya siku.

Hatua saba kabla ya kununua

1. Andika kukatika kwa umeme kwa miezi mitatu. Mwendesha pampu awe na daftari lenye safu nne: tarehe, saa ulipokatika, saa uliporudi, sababu. Safu ya nne ndiyo yenye pesa. Tofautisha umeme uliokatika, volti iliyokuwa ndogo mno, na uniti za LUKU zilizoisha. Mradi uliosimama kwa sababu mhasibu hakununua umeme hauhitaji betri.

2. Chagua urefu wa giza utakalolikabili. Usichukue tukio baya kuliko yote. Ikiwa mara tisa kati ya kumi umeme hurudi ndani ya saa 6, panga kwa saa 6 na uache yaliyobaki kwa jenereta na mgao wa maji.

3. Pima mahitaji ya maji. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 iliweka angalau lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Kwa dharura, viwango vya kimataifa vya Sphere vinataja lita 15.

4. Toa maji yaliyomo tenkini. Usihesabu tenki kama limejaa. Soma kimo chake kila jioni kwa wiki mbili, tumia wastani.

5. Geuza upungufu kuwa uniti. Zidisha maelfu ya lita yanayokosekana kwa uniti ulizopata kwenye kisanduku. Ongeza klorini, vidhibiti na taa.

6. Geuza uniti kuwa ukubwa wa betri. Betri ya lithiamu gawanya kwa 0.63. Namba hiyo inaacha asilimia 15 ndani ya betri, inafidia asilimia 7 zinazopotea kwenye inveta, na inaweka akiba ya asilimia 20 kwa ajili ya uzee. Betri ya asidi gawanya kwa 0.36, kwa kuwa haitakiwi kushushwa chini ya nusu.

7. Pima nguvu, si nishati peke yake. Uniti zinaeleza betri itadumu muda gani. Kilowati zinaeleza kama inaweza kuizungusha mota. Hapa ndipo wengi huteleza, kama hesabu inayofuata inavyoonyesha.

Hesabu ya kijiji cha mfano

Chukua kijiji cha watu 2,500. Kisima chake hutoa lita 10,000 kwa saa, maji hupanda mita 120, mota ni ya kilowati 7.5 na ikifanya kazi hutumia kama kilowati 6.5. Tenki ni la lita 50,000, na wastani wake wa jioni ni asilimia 60, yaani lita 30,000. Kamati inataka kuvuka giza la saa 24.

| Chaguo | Maji yanayokosekana | Uniti zinazohitajika, klorini na vidhibiti vikiwamo | Betri ya lithiamu |
|---|---|---|---|
| A. Lita 25 kwa kila mtu, bila mgao | lita 32,500 | 23.7 | uniti 38 |
| B. Mgao wa lita 15 kwa kila mtu | lita 7,500 | 7.3 | uniti 12 |
| C. Tenki la pili la lita 50,000, maji yasishuke chini ya theluthi mbili | hakuna | 2.4 | uniti 4 |

Kamati ikichagua C, itanunua betri ndogo inayoweza kubebwa na watu wawili, na pesa nyingine itaingia kwenye zege. Ikichagua B, iangalie tena hatua ya saba. Betri nyingi za lithiamu zimewekewa kikomo cha kutoa, kwa mfululizo, kilowati zisizozidi nusu ya uniti zake. Betri ya uniti 12 yenye kikomo hicho hutoa kilowati 6. Mota inataka 6.5, na ukiongeza upotevu wa inveta ni 7. Nishati inatosha, lakini betri itajizima kila pampu inapowashwa. Hapo ununue uniti 15, au betri ambayo cheti chake kinaruhusu kutoa kwa kasi zaidi.

Chaguo A nalo si la kudharauliwa pale ambapo hakuna kiwanja cha tenki la pili, au mnara uliopo hauwezi kubeba uzito zaidi. Kwa betri za asidi chaguo hilo lingehitaji uniti 66.

Asidi au lithiamu?

> KISANDUKU: Betri mbili zilizopo sokoni
>
> Ya asidi na risasi. Bei ya kuanzia ni ndogo na mafundi wengi wanaijua. Hudumu kwa mizunguko ya chaji mia kadhaa hadi elfu moja na kitu ikishushwa hadi nusu tu. Joto ni adui: juu ya nyuzi 25, kila ongezeko la nyuzi 8 hadi 10 hupunguza maisha yake kwa takriban nusu. Ikichajiwa hutoa hewa ya haidrojeni inayolipuka, kwa hiyo chumba lazima kipitishe hewa. Aina ya maji huhitaji kuongezwa maji yaliyosafishwa.
>
> Ya lithiamu aina ya fosfeti ya chuma (LFP). Bei ya kuanzia ni kubwa zaidi. Hudumu kwa mizunguko 3,000 hadi 6,000, huweza kutolewa asilimia 85 ya chaji yake bila madhara, haihitaji maji. Ndani yake kuna kidhibiti kinachoizima ikizidiwa. Ikiharibika ndani inaweza kushika moto ulio mgumu kuuzima.
>
> Kwa nyumba ya pampu ya tambarare, yenye bati na jua la Februari, lithiamu aina ya fosfeti kwa kawaida hushinda kwa gharama ya miaka kumi.

Betri za magari zisiingie kwenye hesabu hii. Zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, na hufa haraka zikishushwa kila wiki.

Kuiwasha mota bila kuiangusha inveta

Mota inayowashwa moja kwa moja hufyonza mkondo mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida. Mota ya kilowati 7.5 ingehitaji inveta kubwa ajabu kwa ajili ya sekunde mbili za mwanzo. Stata ya nyota na pembetatu hupunguza mkondo huo hadi kama theluthi. Kilicho bora ni kidhibiti kasi, ambacho mafundi hukiita VFD. Huianzisha mota taratibu, huizima taratibu, na hivyo huondoa pia kile kishindo cha bomba. Muhimu ni betri ishike kazi bila pengo pale umeme unapokatika. Inveta inayochukua sekunde kadhaa kubadilisha itakuwa imechelewa, na kishindo kitakuwa kimeshapiga.

Tahadhari tatu kuhusu kidhibiti kasi:

1. Pampu ya kisimani isizungushwe chini ya hezi 30. Mota yake hupozwa na maji yanayopita pembeni, na chini ya kasi hiyo beringi hukosa ulainisho.
2. Usipunguze kasi ovyo ili kubana betri. Uwezo wa pampu kupandisha hushuka kwa mraba wa kasi: ukitoka hezi 50 hadi 40, unabaki na asilimia 64 tu. Kwenye kilima kirefu mota itaendelea kuzunguka, uniti zitaendelea kuliwa, na tenkini hakitaingia kitu.
3. Kama waya kati ya kidhibiti na mota ni mrefu, dai kichujio kwenye upande wa kutokea. Bila hicho insulesheni ya mota huchakaa kabla ya wakati.

Kwa walio juu zaidi, kama Marangu, soma kikomo cha kimo kwenye vitabu vya inveta na kidhibiti. Vingi hupunguziwa uwezo kwa takriban asilimia 1 kwa kila mita 100 juu ya mita 1,000.

Chumba cha betri

Nyumba nyingi za pampu zina chumba kimoja. Kwenye kona kuna paneli ya umeme, chini yake ndoo ya unga wa klorini yenye mfuniko usiobana vizuri, juu ya ndoo daftari. Fungua paneli ya namna hiyo uangalie ncha za nyaya: shaba imefunikwa na ukungu wa kijani na skrubu zimeota kutu. Hewa ya klorini ndiyo iliyokula. Ukiweka humo inveta ya mamilioni, itakula na hiyo. Zaidi ya hapo, unga wa klorini huchochea moto, na haufai kukaa chumba kimoja na betri ya aina yoyote.

Kwa hiyo:

- Klorini ikae chumba chake, chenye mlango wake wa nje na matundu yake ya hewa.
- Betri ziinuliwe juu ya sakafu, mbali na bomba linaloweza kupasuka na juu ya alama ya mafuriko.
- Paa liwe na dari au kivuli, matundu yawe na wavu dhidi ya panya, mijusi na nyigu.
- Kinga radi iwekwe pande zote nyaya zinakoingilia: laini ya TANESCO, sola, na waya wa kipimio cha tenki. Zote ziunganishwe kwenye mfumo mmoja wa kupeleka umeme ardhini, uliopimwa.
- Mlango ufungwe kwa kufuli mbili na betri zifungwe kwa boliti. Nyaya za shaba na paneli zina wateja wengi wasioalikwa.
- Moto ukitokea, watu watoke na kufunga umeme kwa nje, kisha wapige 114, Zimamoto. Asirudi mtu kuokoa vifaa.

Sola juu ya betri?

Inafaa, kwa masharti. Pale penye tenki kubwa, sola inaweza kuendesha pampu mchana moja kwa moja bila betri, na betri ikabaki ndogo. Kosa ni kupima paneli kwa jua la Januari. Miteremko ya kusini mwa Kilimanjaro hufunikwa na mawingu wakati wa masika, na tena Juni hadi Agosti. Pima kwa mwezi mbaya kuliko yote.

Betri inayochajiwa kwa umeme wa TANESCO iwekewe muda. Umeme ukirudi, tenki tupu na betri tupu vyote vinadai kwa pamoja. Panga chaja ianze baada ya pampu kusimama. Wateja wakubwa wanaotozwa pia kwa kiwango cha juu cha nguvu kwa mwezi wana sababu ya pili ya kufanya hivyo: nusu saa ya kuchaji na kusukuma kwa pamoja inaweza kupandisha ankara ya mwezi mzima.

Ruhusa na mikono halali

1. Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ya daraja linaloruhusu kazi hiyo. Omba nakala, linganisha na kitambulisho. Kituo cha nishati jadidifu cha Kikuletwa, wilayani Hai, kilicho chini ya Chuo cha Ufundi Arusha, kinafundisha fani hii. CBWSO inaweza kumpeleka mwendesha pampu wake.
2. Swichi ya kubadilisha izuie kabisa betri kurudisha umeme kwenye laini ya TANESCO. Fundi aliyepanda nguzo akiamini laini imekufa anaweza kuuawa na inveta ya kijiji.
3. Kibali cha kutumia maji kinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao Moshi. Betri au sola ikiongeza saa za kusukuma, hakikisha hamvuki kiasi kilichoandikwa, wala uwezo wa kisima. Kifaa cha kuzima pampu maji yakishuka kisimani ni lazima.
4. RUWASA, wakala wa maji vijijini, ngazi ya wilaya ione michoro kabla ya mkataba. Uthibitisho wa mhandisi ni bora kuliko ushauri wa muuzaji.

Makosa yanayojirudia

- *Kuunganisha vitu vingine kwenye betri ya pampu.* Huanza na chaja ya simu ya mlinzi, huishia kwenye friji ya duka la jirani.
- *Kuchanganya betri mpya na za zamani.* Dhaifu huvuta zote.
- *Kununua inveta ya njia moja kwa mota ya njia tatu.* Soma kibao cha mota kwanza.
- *Kupokea dhamana ya mdomo.* Dhamana iandikwe kwa miaka, kwa mizunguko, na kwa asilimia ya uwezo inayopaswa kubaki.
- *Kusahau uchakavu.* Betri itakwisha, na mbadala wake lazima uanze kuchangiwa siku ya kwanza.

Kuhusu hilo la mwisho, hesabu inatia moyo. Kijiji cha mfano kikiuza lita zake 62,500 zote kwa siku, ni ndoo 3,125 za lita 20, yaani zaidi ya milioni 1.1 kwa mwaka. Betri ya shilingi milioni 10, ikidumu miaka 10, inahitaji kutengewa shilingi milioni 1 kila mwaka. Ni chini ya shilingi moja kwa ndoo. Pesa hiyo iwe na akaunti yake, na salio lisomwe kwenye mkutano wa kijiji pamoja na mapato.

Siku ya makabidhiano

Usisaini kwa kuona taa za kijani. Fanya jaribio hili mbele ya kamati:

1. Chaji betri hadi ijae. Andika saa na masomo ya mita zote.
2. Pampu ikiwa inasukuma, zima swichi kuu ya TANESCO. Sikiliza bomba na vali: pasiwe na kishindo.
3. Hakikisha klorini inaendelea kudondoka. Pima kiasi kilichobaki kwenye maji ya koki ya mwisho.
4. Jaribu kuiwasha pampu kwa betri mara tatu mfululizo, ukiiacha ipumzike kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji.
5. Acha pampu iendelee kufanya kazi kwa betri hadi betri ijizime yenyewe. Linganisha lita zilizosukumwa na zilizoandikwa kwenye mkataba.
6. Rudisha umeme. Angalia kama pampu husubiri volti itulie kabla ya kuwaka, na kama chaja inafuata zamu yake.
7. Mwendesha pampu, si fundi, arudie hatua ya pili hadi ya sita peke yake.

Malipo ya mwisho yatoke baada ya hatua ya saba, na sehemu yake ibakizwe hadi masika moja yapite.

Orodha ya kubandika ukutani

*Kila siku*
☐ Kimo cha tenki, asubuhi na jioni
☐ Asilimia ya chaji ya betri
☐ Uniti za LUKU zilizobaki

*Kila wiki*
☐ Vumbi na wadudu kwenye feni na matundu
☐ Harufu, joto au uvimbe wowote kwenye betri
☐ Klorini iko chumba chake, mfuniko umefungwa

*Kila mwezi*
☐ Zima umeme kwa dakika 15, pampu ifanye kazi kwa betri
☐ Uniti kwa lita 1,000: zikipanda, pampu au bomba lina tatizo
☐ Kaza ncha za nyaya, umeme wote ukiwa umezimwa

*Kila mwaka*
☐ Rudia jaribio la makabidhiano, hatua ya 5, na uandike lita
☐ Pima upya mfumo wa umeme wa ardhini kabla ya masika
☐ Linganisha uwezo uliobaki na dhamana. Ukishuka chini ya ilivyoandikwa, dai kwa barua wakati dhamana ingali hai